Metroni na Korongo la Shimo la Nne

Nikisimulia kwamba nimewahi kumwona mwanamke amefungwa kwa ukanda wa kubebea maji kwenye nguzo ya kuanikia nguo, paji la uso limevutwa nyuma, macho yamemtoka, fimbo ya gofu mkononi, na kwamba huyo mwanamke ndiye aliyekuwa mkuu wa wauguzi wa hospitali nzima, watu huniambia nipunguze chumvi. Sipunguzi. Nilikuwepo. Yunifomu zangu mbili zilikuwa kwenye kamba ya nguzo hiyo hiyo.

Sote tulimwita Metroni. Madaktari, wagonjwa, wauza ndizi wa langoni, hata pasta wake. Mimi nilikuwa muuguzi mchanga kutoka upande wa Makueni, nimepelekwa Kitui miaka ya sabini nikiwa na sanduku la bati na woga wa kutosha wodi tatu. Wiki ya kwanza alinikuta nimeegemea ukuta.

"Huo ukuta ni mgonjwa?" akaniuliza.

"La, Metroni."

"Basi uache usimame wenyewe."

Gofu ilimjia kama dawa. Daktari mkuu, aliyekuwa bosi wake na mtu pekee aliyethubutu kumtania, alimpima presha siku moja akakunja uso. "Metroni, hii presha ni ya watu wawili. Usipoanza kutembea utalala kwenye kile kitanda unachotutandikishia kila asubuhi." Yeye mwenyewe alikuwa akicheza gofu Jumamosi katika klabu iliyoachwa na wazungu wa serikali ya zamani pembeni mwa mji, akamkaribisha aende ajaribu. Metroni alicheka mpaka akashika meza.

"Yaani watu wazima wanapiga kijipira, wanakifuata, wakikipata wanakipiga tena? Na huko nyumbani mmeaga kwamba mnaenda wapi?"

Lakini alienda. Alivaa raba, sketi ya kwaya na kitambaa chake cha kichwa, akanichukua na mimi, kwa sababu, alivyosema, mwanamke hatembei peke yake katikati ya wanaume wenye fimbo. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye gofu, bila kuulizwa, na sijui kama kuna Jumamosi nilizowahi kufurahi kuliko zile.

Usiwaze nyasi za kijani. Huo uwanja wetu ulikuwa na rangi ya ngozi ya mbuzi karibu mwaka mzima. Kule mwisho kabisa, penye shimo na bendera, ambapo watu wa nchi za mvua wana nyasi laini kama zulia, sisi tulikuwa na mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, ukalainishwa kwa kuburuta gunia juu yake. Tulipaita brauni. Ukirudi nyumbani, soli zako zinanuka gereji. Kunguru nao walikuwa wanaamini mipira ni mayai, wanaibeba mpaka kwenye migunga na kuiatamia kwa imani.

Na kwenye shimo la nne kulikuwa na korongo.

Ulikuwa unasimama pale pa kuanzia, bendera unaiona kule ng'ambo, na katikati ardhi imepasuka, kuta nyekundu, kina cha kumeza lori. Wanaume wenye mabega walipiga mpira ukaruka juu yake. Wengine walipiga vipande vidogo vidogo kuzunguka kando, kushoto, kwenye kinjia cha mbuzi. Siku ya kwanza kabisa daktari alimwonyesha hicho kinjia kwa heshima zote. "Hapa, Metroni, akina mama hupitia kando."

Nilimwona Metroni anavyomtazama. Nikajua tumekwisha. Nikajua tutarudi kwenye hilo korongo mpaka mipira yote ya Kenya iishe.

Sasa niseme juu ya pigo lake. Wuui! Metroni alikuwa amelima tangu utotoni, na mwili wake ulijua njia moja tu ya kuinua mti wenye chuma mbele yake: juu moja kwa moja, kisha chini kwa nguvu zote na sauti ya "hũ!" Mpira ulibaki palepale. Udongo ndio uliosafiri. Mtu akipita nyuma yetu angeona mfereji umechimbwa vizuri kabisa kutoka shimo la kwanza hadi la tatu. Mzee mmoja wa klabu alitufuata siku moja, akavua kofia, akauliza kwa upole, "Akina mama, tupande lini?"

Daktari akamweleza kwamba gofu si jembe. Kichwa kitulie, kiuno kizunguke, mikono ifuate. Metroni akalishika lile la kichwa. Kichwa kutulia! Hilo alilijua. Mwanamke wa Ukambani hubeba maji mgongoni, ukanda wa ngozi umepita kwenye paji la uso. Ukanda huo tunauita mukwa, na ukitikisa kichwa umemwaga au umeanguka. "Shingo ninayo," akasema. "Inayokosekana ni kitu cha kuikumbusha."

Ndipo akaenda nyuma ya nyumba za wauguzi, akafunga mukwa kwenye nguzo ya kuanikia nguo, akauweka kwenye paji la uso, akajinyoosha mpaka ukakaza, akainua fimbo. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi tunachambua mboga. Akazungusha kiuno vizuri, ninakiri, vizuri kuliko siku zote. Mukwa haukukatika. Nguzo ndiyo iliyong'oka. Ikaja nayo kamba, na kwenye kamba yunifomu nyeupe za wodi ya wazazi na ya watoto, zote, bado mbichi, kwenye vumbi jekundu la Kitui. Metroni akasimama katikati ya maangamizi hayo, mukwa umemshukia puani, akauliza, "Kichwa kimetikisika?"

"La, Metroni," tukajibu kwa pamoja.

"Vema."

Kesho yake tulizunguka wodini sote tumevaa rangi ya matofali. Daktari mkuu alitutazama, akamtazama yeye, akaamua kusoma faili.

Mazoezi yake mengine hayakuhitaji kamba lakini yalitutesa vilevile. Alitwanga mahindi ya muthokoi mwenyewe, ingawa angeweza kuyanunua yameshakobolewa, na alibadilisha mikono: kulia, kisha kushoto, kisha kulia. Alisema mwili hupenda kumtumikisha ndugu mmoja na kumlea mwingine. Aliacha sukari kwenye chai, akatuachisha na sisi, kisha nikamkuta nyuma ya stoo anatafuna muwa. "Huu ni mti," akaniambia bila aibu.

Halafu kuna hii ya mguu mmoja. Aliambiwa, au alijiambia, kwamba mpiga gofu lazima awe na mizani. Basi akawa anasimama kwa mguu mmoja kila anapopata nafasi: akisoma chati, akiongea na simu, akidunga sindano. Ndiyo, akidunga sindano! Wagonjwa wakazoea. Wakafikiri ndivyo kazi inavyofanywa. Mzee mmoja aliyetoka Mwingi, mfanyabiashara wa ng'ombe, mkali, aliona nimemjia na sindano yangu huku nimesimama kwa miguu yote miwili, akavuta blanketi.

"Wewe hujamaliza shule," akasema. "Niitie yule wa mguu mmoja."

Nikainua mguu. Ningefanya nini? Nikamdunga nimesimama kama korongo, yule ndege, na akanishukuru.

Kanisani mambo hayakuwa rahisi. Klabu ilikuwa na baa, na Metroni alikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama. Maneno yakaenda. Pasta wetu, mtu mpole asiyependa ugomvi, akaja Jumamosi moja ajionee, akasimama kando ya shimo la nne na Biblia kwapani. Metroni akamsalimu, akapiga. Mpira ukaingia korongoni. Akatoa mwingine, ukaingia. Akatoa wa tatu, na huo nao, mwaitu, mama yangu wee, ukaingia. Kila ulipotumbukia alivuta pumzi, akaimba nusu ya ubeti wa pambio, akainama kuweka mwingine. Tukirudi pasta akaniambia pembeni, "Mtu anayepoteza mali hivyo bila kutukana, mimi sina la kumwambia. Labda yeye ndiye aniambie mimi." Tangu hapo hatukusikia neno.

Na hapa ndipo penye ajabu yake kubwa. Katika mambo yote Metroni alikuwa na subira ya jiwe. Nimemwona amekaa na mama anayejifungua usiku kucha na mchana wake, hapandishi sauti, anamwambia tu, "Usisukume, mwanangu. Bado. Usisukume kabla ya wakati." Mikono yake imepokea nusu ya Kitui. Lakini akishika fimbo mbele ya korongo lile, haraka inamwingia kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Anapiga kabla hajamaliza kuzunguka. Mwili bado uko nyuma, mikono imeshafika Garissa. Daktari alisema, mzee wa kofia alisema, hakusikia.

Siku moja nikachoka. Alikuwa ameinua fimbo, nikaona mabega yanaanza ile haraka, nikasahau cheo chake na changu, nikasema kwa ile sauti yake mwenyewe ya wodini:

"Usisukume, Metroni. Bado."

Akaganda. Fimbo juu.

"Bado... bado... haya, sasa!"

Jamani! Sauti peke yake ungejua. Huo mpira haukupigwa, ulizaliwa. Ukapanda, ukaenda, ukawa nukta, ukagonga ukuta wa ng'ambo wa korongo, kimo cha kifua tu chini ya ukingo, ukaanguka ndani. Haukuvuka. Lakini Metroni alitupa fimbo, akanikumbatia, tukaruka pale kama wasichana wa shule, mimi na mkuu wangu wa kazi, raba zimejaa vumbi, tunapiga vigelegele hadi wachezaji wa shimo la saba wakadhani kuna nyoka.

"Nitalivuka," akasema. "Umeona? Nitalivuka hili shetani kabla sijastaafu."

Sasa lilikuwa jambo la kweli. Alilitaka kwa roho yote, na kila mtu hospitalini alijua. Shida ni kwamba korongo halikukaa likimngoja. Kila mvua ya Novemba ilimega kingo zake. Mwaka huu anagonga kifua chini ya ukingo, mwaka ujao ukingo umesogea, na yeye goti limeanza kuvimba. Walikuwa wanashindana, yeye anazeeka, lenyewe linanenepa.

Na Metroni huyohuyo ndiye aliyeanza kulijaza.

Chini ya uwanja, korongo lilipita kwenye boma za watu. Akina mama wa huko walitembea mbali sana kuchota maji, na watoto wao tuliwapokea wodini wameishiwa na maji mwilini, tumbo la kuhara, msimu baada ya msimu. Metroni alichoka kuwatibu na kuwarudisha kwenye ugonjwa uleule. Akakusanya mwethya, yaani kile kikundi chetu cha kusaidiana kazi, akaenda kwa wazee wa klabu, akawaambia kwamba korongo linakula uwanja wao na yeye ana dawa: ukuta wa mawe na saruji kukata njia ya maji. Mvua ikija inaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa ndani ya mchanga, mwaka mzima, jua lisiyafikie. Wazee wakakubali mara moja. Nani alikuwa na nguvu ya kumkatalia?

Basi Jumamosi ikawa na sehemu mbili. Asubuhi tulibeba mawe kwa mukwa, Metroni mbele, anatuimbisha, anasema haya ndiyo mazoezi ya kiuno yasiyo na mfano. Alasiri, mgongo unauma, anabadilisha kitambaa, anashika fimbo, anapambana na korongo lilelile alilolijengea ukuta asubuhi.

Nilimuuliza siku moja, jiwe mgongoni, jasho machoni. "Metroni, si unajua hili likijaa mchanga limekwisha? Hata mtoto atalivuka. Halitakuwa na maana tena."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa beba jiwe."

Ukuta ukaisha Oktoba. Mawingu yakaanza kukaa juu ya vilima. Ilibaki Jumamosi moja, labda, na sisi wote tukaja: wauguzi, daktari, pasta, mwethya mzima wamesimama juu ya ukuta wao kama wako harusini. Metroni akaweka mpira. Nikasimama nyuma yake.

"Bado," nikasema. "Bado. Sasa."

Lilikuwa pigo bora la maisha yake, na mpaka leo nikiliwaza nywele zinanisimama. Mpira ukapaa, ukashuka, ukaangukia ng'ambo. Ng'ambo! Kwenye ukingo wenyewe, kwenye nyasi kavu! Vigelegele vikalipuka. Pasta akarusha mikono. Kisha udongo pale ukingoni, udongo uleule unaomegeka, ukamegeka. Kibonge kidogo tu. Mpira ukageuka polepole, ukarudi nyuma, ukadondoka korongoni.

Metroni akakaa chini. Akalia waziwazi, mbele ya watu, mkuu wa wauguzi, na mimi nikalia naye, kisha katikati ya kulia akaanza kucheka, na hatukuweza kujua tena ni nini tunachofanya. Wiki hiyo mvua ikaanguka. Korongo likanguruma, likaleta mchanga, na msimu uliofuata likaleta mwingine, hadi zile kuta nyekundu zikazama. Goti lilikuwa limemshinda wakati huo. Alistaafu akarudi kwao upande wa Tawa, na hakulisema tena jambo hilo, na kwa Metroni kutosema ndiko kuumia kwenyewe.

Miaka ikaenda. Niliolewa, nikahamia mji wa Wote, nikanenepa. Miaka ya tisini nikamkuta sokoni Wote anagombana na muuza machungwa. Alikuwa amepungua, ana mkongojo, lakini sauti ni ileile. Alinikagua juu mpaka chini.

"Unaegemea ukuta gani siku hizi?" akaniuliza. Kisha kabla sijajibu: "Una nafasi Jumamosi? Nataka kuiona Kitui."

Tulifika alasiri. Klabu ilikuwa imechakaa kidogo, wachezaji wachache. Mzee fulani akatuazima fimbo moja na mpira mmoja, labda kwa huruma. Tukatembea polepole hadi shimo la nne. Korongo halikuwepo. Badala yake palikuwa na mto mpana wa mchanga mweupe, na kingo zake zimeota sukuma wiki na migomba, na huko katikati akina mama wamefukua visima vifupi, wanachota kwa kata, wanajaza mitungi, wanapiga soga. Kiangazi kimekausha dunia nzima, na wao wanachota.

Metroni alitazama kwa muda mrefu. Kisha akanipa mkongojo, akashika fimbo.

"Hakuna cha kuvuka," nikamwambia.

"Nani kasema nataka kuvuka? Nataka kupiga."

Sikuhitaji kumwambia asisukume. Uzee ulikuwa umemwondolea haraka yote. Akazunguka polepole, kwa goti bovu, kichwa kimetulia kabisa, na mpira ukaondoka vizuri, mdogo, wa chini, ukaenda nusu ya safari. Ukatua mchangani, ukadunda, ukadunda tena, na ukaingia kwenye kisima. Chubwi!

"Ni nani anaturushia mawe kwenye maji yetu?" mama mmoja akafoka, mikono kiunoni. Kisha akainua mkono kukinga jua. "Wuui! Si ni Metroni? Mwaitu! Ni Metroni!" Wote wakaacha mitungi wakaanza kupanda ukingo kuja kwetu.

Metroni hakuwaangalia. Alinishika mkono kwa nguvu.

"Umeingia wapi?"

"Kisimani, Metroni. Umezama."

"Kwenye maji?"

"Kwenye maji."

"Na gofu inasemaje, mpira ukizama kwenye maji?"

Nikafikiri. Ilinibidi nifikiri, kwa sababu miaka yote tuliyocheza pale, hakuna mtu aliyewahi kuihitaji sheria hiyo. Maji yangetoka wapi? "Inasema unaongezewa pigo moja la adhabu."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka nikamshikilia asianguke, na akina mama waliotufikia wakaanza kucheka naye bila kujua ni kwa nini.

"Niongezee," akasema, anajipangusa macho. "Usinihurumie, mwanangu. Mwambie na yule mzee aliyetuazima fimbo, na daktari popote alipo. Shimo la nne, Kitui, Metroni ameadhibiwa kwa sababu ya maji."